Uanachama Hutolewa Arusha, Mpaka Hubaki Namanga

Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilipowaondolea raia wa karibu nchi zote za Afrika sharti la kuomba kibali cha kielektroniki kabla ya kusafiri, iliziacha nje nchi mbili kwa sababu za kiusalama: Libya na Somalia. Libya iko mbali nasi, na sijamsikia mtu hapa Nairobi akiisikitikia. Somalia ni jambo jingine, kwa kuwa ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu tarehe 4 Machi 2024, ilipokabidhi hati zake za kuridhia Mkataba mjini Arusha. Mghana anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ambaye nchi yake haina nasi uhusiano wowote wa kijumuiya, anapita kwa pasipoti yake, ilhali Msomali, ambaye kwa maandishi ni ndugu yetu wa nyumba moja, anatakiwa aonyeshe kibali alichokiomba na kukilipia kabla hajaondoka Mogadishu.

Sianzi hapa ili niilaumu Kenya. Nchi iliyozika watu 67 waliouawa Westgate mwaka 2013 na 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ina kila haki ya kumuuliza anayebisha hodi ni nani na anataka nini. Kinachonikera ni kilichotangulia. Mkataba unasema kwamba maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi hufikiwa kwa makubaliano ya wote. Kwa hiyo Novemba 2023, ombi la Somalia lilipowekwa mezani, Kenya ilikuwa na uwezo wa kusema "bado" na shauri lote likaahirishwa. Haikusema. Iliinua mkono pamoja na wengine, ikapiga picha ya pamoja, kisha ikarudi nyumbani na kuendelea kumhesabu mwanachama mpya miongoni mwa watu wa nje.

Ingekuwa rahisi kuuita huu unafiki wa serikali moja, lakini mtu akiyapitia mambo ya Jumuiya kwa miaka ishirini iliyopita ataona kwamba ndivyo nyumba yenyewe ilivyojengwa. Uanachama ni jambo la marais, na hutolewa ukumbini. Mpaka ni jambo la wizara, idara za uhamiaji, maofisa wa forodha na, siku mbaya, wanajeshi, na hubaki mikononi mwa kila nchi. Mambo haya mawili hayajafungamanishwa kwa kamba yoyote inayokaza. Ninachodai katika makala hii ni kwamba tumeugeuza mpangilio wake: tunampa mgeni kiti kwanza, ndipo tunapoanza kujadiliana kama mlango atafunguliwa.

Tuanze na Mkataba, ambao wengi huutaja na wachache huusoma. Ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Kenya, Uganda na Tanzania, ukaanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 3 inataja mambo yatakayozingatiwa nchi nyingine inapoomba kujiunga: iukubali Mkataba wenyewe, iheshimu utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria, haki za binadamu na haki ya kijamii, iwe na mchango katika kuimarisha mtangamano, iwe karibu kijiografia na nchi zilizomo na kutegemeana nazo, iwe na uchumi unaoendeshwa na soko, na sera zake za kijamii na kiuchumi zipatane na za Jumuiya. Soma tena neno hilo, "yatakayozingatiwa". Haya hayakuandikwa kama masharti ambayo asiyeyatimiza harudi tena mlangoni. Ni mambo ya kufikiriwa, na mwenye kufikiri ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi.

Katika orodha hiyo yote, ukaribu wa kijiografia ndio pekee unaoweza kupimwa kwa kutazama ramani, na ndio pekee uliowahi kumzuia mtu. Sudan iliomba kujiunga mwaka 2011 na ombi lake likakataliwa, sababu iliyoelezwa sana ikiwa kwamba haikuwa ikipakana na nchi yoyote mwanachama. Sudan Kusini, iliyokuwa imejitenga nayo Julai mwaka huo huo, ilikuwa imekaa katikati. Demokrasia na haki za binadamu za Khartoum zilitajwa pia katika mazungumzo ya wakati ule, lakini ni dhahiri kwamba hoja ya ramani ilikuwa ya adabu zaidi. Mtu akikwambia hupakani naye, hakuna aliyetukanwa.

Walioingia baada ya waanzilishi watatu wameingia kwa namna inayopaswa kutufikirisha. Rwanda na Burundi zilianza uanachama siku moja, tarehe 1 Julai 2007, baada ya kusubiri kwa miaka kadhaa, na zilikuta Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 ukiwa na kanuni za kufuata. Sudan Kusini ilitia saini Aprili 2016 na kukamilisha uanachama katika robo ya tatu ya mwaka huo. Katikati ya hatua hizo mbili, Julai, mapigano yalizuka upya Juba kati ya wafuasi wa Rais Salva Kiir na wa Riek Machar. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini hapa Nairobi tarehe 8 Aprili 2022 na kukabidhi hati zake tarehe 11 Julai. Katikati ya hatua hizo nako, mwezi Juni, waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, ambao ni kituo cha mpakani kati ya Kongo na Uganda. Mara mbili mfululizo, kati ya saini na hati, nchi inayoingia ilishindwa kuushika mji wake mkuu au mpaka wake, na mara mbili hizo karatasi ziliendelea na safari yake kana kwamba hazikuhusika. Sisemi kwamba nchi yenye vita haistahili majirani. Nasema kwamba utaratibu ambao hauwezi hata kusita kwa wiki mbili pale mpaka wa nchi unapotekwa ni utaratibu ambao haukuwa ukiutazama mpaka tangu mwanzo.

Kinachofuata baada ya hati kukabidhiwa ndicho kiini cha tatizo. Mwanachama mpya hupewa muda na ratiba ya kuingia katika Umoja wa Forodha, halafu katika Soko la Pamoja, na ratiba hiyo hujadiliwa akiwa tayari amekaa mezani na sauti yake ina uzito sawa na ya walioanzisha. Kongo iliingia mwaka 2022, na miaka iliyofuata bado ilikuwa ikishauriana kuhusu lini na vipi itaanza kutumia ushuru wa pamoja. Pwani wanajua kwamba mshenga hutumwa kabla ya nikaha. Mahari hutajwa, koo huulizana, na yasiyopatana hutengenezwa au posa hurudishwa bila aibu kubwa. Sisi tumefunga nikaha, tumekula pilau, na sasa ndipo mshenga anatumwa kwenda kuuliza kama bibi harusi atahamia.

Raia naye ameahidiwa nini? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ni karatasi yenye ukarimu mkubwa ukiisoma haraka. Ibara ya 7 inampa raia wa nchi mwanachama uhuru wa kuingia katika nchi nyingine bila viza, na kanuni zake zinasema apewe pasi ya kukaa hadi miezi sita bila malipo. Ibara ya 10 inazungumzia wafanyakazi kuhama kutafuta kazi, ya 13 haki ya kuanzisha biashara, ya 14 haki ya ukaazi. Ukiisoma polepole unakuta jedwali mwishoni zinazoeleza kila nchi imekubali aina gani za wafanyakazi na kuanzia lini, na unakuta Ibara ya 15, ambayo inasema umiliki na matumizi ya ardhi vitaendelea kusimamiwa na sera na sheria za kila nchi. Tanzania ilisimama kidete juu ya ardhi tangu siku ya kwanza, na Wakenya wenye kumbukumbu fupi huwacheka Watanzania kwa hilo, wakisahau jinsi shamba la ekari mbili linavyoweza kuwafikisha ndugu wa tumbo moja mahakamani hapa kwetu.

Ahadi ya Ibara ya 7 iliwahi kupimwa mbele ya majaji. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe akiwa katika ujumbe wa mawakili waliokwenda kumwona Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake walipita, yeye alizuiwa, akawekwa chini ya ulinzi na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alishtaki katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Uganda ilijitetea kwa hoja ya mamlaka ya nchi huru kuamua nani aingie. Mei 2013 majaji walisema kwamba nchi iliyotia saini Mkataba haiwezi kutumia uhuru wake kama ngao ya kuukwepa Mkataba huo huo, na kwamba kumzuia raia wa nchi mwanachama bila kumpa sababu wala nafasi ya kujieleza kulikiuka Mkataba na Itifaki. Hukumu hiyo ndiyo sentensi yenye nguvu zaidi iliyowahi kuandikwa juu ya mipaka yetu. Ugumu wake ni kwamba ilimchukua wakili, mwenye kujua sheria na njia ya kwenda Arusha, miaka miwili kuipata. Mama anayesubiri na gunia la maharagwe Isebania hana miaka miwili.

Huko mpakani kwenyewe, mambo hayaendi vibaya kama wasemavyo wanaokaa Nairobi, wala vizuri kama yasemavyo mabango. Anayepanda gari la asubuhi kutoka katikati ya jiji kwenda Arusha hufika Namanga kabla jua halijakaa sawasawa. Zamani alishuka upande wa Kenya, akapanga foleni kupigiwa muhuri wa kutoka, akatembea na mzigo wake kuvuka kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyejua ni cha nani, akapanga foleni nyingine upande wa Tanzania. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018 na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli, anashuka mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na kumkuta ofisa Mkenya na ofisa Mtanzania katika ukumbi mmoja, dirisha kwa dirisha. Vituo vya namna hiyo vimejengwa Busia, Malaba, Taveta na Holili, Rusumo, Mutukula na kwingineko. Haya ni mafanikio ya kweli na hayakuletwa na hotuba. Yaliletwa na sheria moja ya Bunge la Afrika Mashariki ya mwaka 2016, fedha za kujenga majengo, na uvumilivu wa watu wasiojulikana walioketi kukubaliana kuhusu fomu.

Kile kipande cha ardhi kati ya vituo viwili, kwa njia, kimetuachia neno. Busia na Malaba, waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na mwito wao wa "boda, boda" ukageuka jina la chombo ambacho leo kinakatiza kila barabara ya Nairobi bila kuutambua mpaka wowote, hata ule wa taa nyekundu.

Hata hivyo dirisha la pili bado lipo. Kuweka maofisa wawili chini ya paa moja kumepunguza mwendo wa miguu, lakini mamlaka ya kila mmoja yamebaki kama yalivyokuwa. Mfanyabiashara mdogo ana haki ya kupata hapo hapo mpakani cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, ikiwa mzigo wake hauzidi dola 2,000 na umo katika orodha iliyokubaliwa, na kwa cheti hicho hatozwi ushuru wa forodha. Wengi hawakiombi. Wapo wasiojua kwamba kipo, na wapo wanaojua lakini wamepiga hesabu ya muda, ya karatasi za afya ya mimea na ya maswali, wakaona kwamba njia ya panya ni fupi zaidi. Ninapomsikia waziri akiwalaumu wapitao njia za panya kwa kukosa uzalendo, hujiuliza kama amewahi kusimama dirishani na debe la nyanya zinazoiva.

Mipaka yetu, tena, ina tabia ya kufungwa kwa neno la mtu mmoja. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga kituo cha Gatuna, njia kuu ya kwenda Uganda, na haikukifungua hadi tarehe 31 Januari 2022. Ni karibu miaka mitatu. Mwenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi katika sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa Rais Paul Kagame mwenyewe, aliyeipokea nafasi hiyo wiki chache tu kabla ya kufungwa, na mkutano wa kawaida uliofuata haukufanyika hadi Februari 2021. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu wa mambo mawili yasiyofungamana: kiti cha juu kabisa cha Jumuiya na mpaka uliofungwa dhidi ya mwanachama mwanzilishi vilikaa katika nyumba moja bila kimoja kukisumbua kingine. Januari 2024 ikawa zamu ya Burundi, iliyofunga mpaka wake na Rwanda kwa madai kwamba jirani anawasaidia waasi. Hizi ni zile nchi mbili zilizoingia siku moja.

Bidhaa nazo zina kumbukumbu zake. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga wapatao 6,400 waliokamatwa Namanga wakitoka Kenya, na Wakenya tulipiga kelele kwa wiki nzima. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache, na kelele zetu hazikusikika sana. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu na uongozaji wa watalii, bila kumtofautisha jirani wa Jumuiya na mgeni kutoka ng'ambo. Kila mmoja ana orodha ya dhambi za mwenzake na amesahau zake. Nami, kwa kuwa ni Mkenya, nakiri kwamba nimelazimika kuitafuta ile ya mahindi ilhali ile ya vifaranga ilikuja yenyewe.

Wapo wanaosema kwamba Ulaya ndiyo inayopaswa kutufundisha. Nakubali kwa sehemu moja tu, nayo si ile inayotajwa kwa kawaida. Umoja wa Ulaya nao una mipaka inayorudi: Septemba 2024 Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu. Somo lililo na faida liko katika jinsi Wazungu walivyotenganisha vitabu viwili. Kuna kitabu cha uanachama wa Umoja, na kuna kitabu cha eneo la Schengen, ambamo mtu husafiri bila kukaguliwa mpakani, na majina yaliyo katika vitabu hivyo hayafanani. Ireland imo katika Umoja lakini haimo Schengen. Norway na Uswisi zimo Schengen lakini hazimo katika Umoja. Romania na Bulgaria ziliingia katika Umoja tarehe 1 Januari 2007, lakini ukaguzi katika mipaka yao ya nchi kavu uliondolewa tarehe 1 Januari 2025, miaka 18 kamili baadaye, kwa sababu wengine hawakuwa wameridhika na ulinzi wao. Wakati wote huo hakuna aliyewaambia Waromania kwamba tayari wanapita huru. Waliambiwa ukweli usiopendeza na wakajua wamebakisha nini. Na hata kabla ya kiti chenyewe, nchi inayoomba hutakiwa kwanza iziingize sheria za Umoja katika sheria zake, sura baada ya sura, na kazi hiyo huchukua miaka.

Mtu atasema kwamba kuiga hilo kutahitaji Mkataba mpya. Hakutahitaji. Ibara ya 7 ya Mkataba wetu imeruhusu tangu mwanzo kile ambacho wanasheria hukiita jometri nyumbufu, yaani baadhi ya nchi kutangulia katika jambo fulani na nyingine kufuata kwa mwendo wao. Mwaka 2009 Mahakama ya Arusha, ilipoombwa ushauri, ilisema kwamba kanuni hiyo inaweza kukaa pamoja na ile ya maamuzi kwa makubaliano ya wote. Na imeshatumika. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, jambo ambalo Itifaki inaliruhusu kwa nchi zilizokubaliana. Hakuna aliyekufa. Kabwela wa Kisumu anayekwenda kuzika shangazi Tororo haendi tena kutafuta pasipoti kwanza, na hilo limemfikia kuliko maazimio yote ya shirikisho la kisiasa.

Ningependa, basi, ule utaratibu wa watatu ugeuzwe kuwa mlango rasmi. Kuwe na daraja la mipaka iliyo wazi lenye masharti yanayopimika: vitambulisho vinavyosomeka na mashine ya jirani, mawasiliano ya papo kwa papo kati ya idara za uhamiaji kuhusu wanaotafutwa, mahakama inayoweza kumsikiliza aliyezuiwa katika siku chache, na ahadi kwamba kituo hakifungwi bila taarifa ya maandishi kwa Baraza la Mawaziri na tarehe ya kukipitia upya uamuzi huo. Anayetimiza anaingia. Asiyetimiza anabaki mwanachama wa mambo mengine na anajua kilichobaki. Waombaji wapya waanze kwa kutimiza Umoja wa Forodha wakiwa nje, kwa ratiba iliyotangazwa, na kiti kifuate. Kwa kipimo hicho Kenya ingeweza kuwaambia Wasomali mwaka 2023 kwamba milango ya biashara, bandari na vyuo iko wazi, na kwamba mlango wa watu utafunguliwa mambo fulani yakitimia. Lingekuwa neno gumu, lakini raia wa Mogadishu asingelazimika kuligundua mbele ya mtambo wa kuombea kibali.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wale wanaosema kwamba nchi dhaifu huletwa ndani ili zipate nguvu, na kuziacha nje mpaka zipone ni kuziacha zife. Hoja hii ina utu, na haina historia nyuma yake. Jeshi la Jumuiya liliingia mashariki mwa Kongo Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023, kwa sababu Kinshasa ilikataa kuliongezea muda; nafasi yake ilichukuliwa na wanajeshi wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika ambayo Kongo pia ni mwanachama wake. Goma ilianguka Januari 2025, na Februari jumuiya zote mbili zililazimika kuketi pamoja Dar es Salaam. Uanachama haukuizuia vita hiyo wala haukumpa mtu yeyote mamlaka ya kuizuia; ulichofanya ni kuifanya iwe vita kati ya watu wa meza moja, ambamo Kigali na Kinshasa zinaweza kuuzuia uamuzi wowote usiozipendeza. Kongo ina milango mingi ya kubisha, ikiwemo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na jumuiya ya Afrika ya Kati, na mwenye nyumba nne halali njaa katika yoyote, lakini pia harekebishi paa la yoyote.

Kuhusu kutoka, Mkataba uko wazi na haujawahi kujaribiwa. Ibara ya 145 inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa nchi husika na notisi ya miezi kumi na miwili. Kusimamisha na kufukuza pia kumeandikwa. Kwa vitendo hakuna aliyewahi hata kusimamishwa, na malimbikizo ya michango, ambayo kwa Mkataba wa awali ilikuwa sawa kwa kila nchi, yamekuwa ajenda ya kudumu Arusha, na mishahara na vikao vya Bunge hukwama kwa ajili yake mara kwa mara. Mali, Burkina Faso na Niger zilipoondoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, rasmi Januari 2025 baada ya notisi ya mwaka mmoja, nilijiuliza kama kwetu kuna mtu angehitaji kujisumbua kuandika barua hiyo. Anayeweza kuufunga mpaka, kuacha kulipa na kubaki na kiti chake hana sababu ya kuondoka.

Tuliwahi kuondokana bila barua. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya kwanza ikafa mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Wazee waliokuwa wakiishi Taveta na Namanga wanakumbuka kwamba ndoa, minada na matanga viliendelea usiku. Mstari wenyewe haukuwahi kuwa mtakatifu: hadi mwaka 1902 Uganda ilifika karibu na Naivasha, na reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mahali tunapopaita Kisumu palikuwa ndani ya Uganda. Waliousogeza walifanya hivyo kwa sababu za utawala wa reli, na hakuna aliyewauliza waliokuwa wakilima pande hizo.

Nairobi ya leo imejaa watu ambao hawakusubiri ratiba. Kijana wa Kirundi anayepita na ndoo ya karanga Kawangware, fundi Mkongomani anayeshona vitenge Kayole, mwenye duka la Eastleigh ambaye mzigo wake umepitia Mogadishu. Hawa ndio soko la pamoja, na wengi wao wanaishi kwa pasi zinazokwisha muda na kwa kuwaepuka askari wa kaunti. Marais wakiongeza kiti kingine mezani, hali yao haibadiliki hata kwa siku moja.

Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kwamba mpaka wao, uliokuwa umefungwa kwa zaidi ya muongo mmoja, utafunguliwa hatua kwa hatua, kwa kuanzia Mandera. Yakatokea mashambulizi upande wetu, na Julai serikali ya Kenya ikatangaza kwamba imeahirisha. Kati ya tangazo hilo na ukumbi wa Arusha wa Novemba, ambamo Somalia ilikaribishwa kwa makofi, palipita miezi minne, na katika miezi hiyo hakuna kituo hata kimoja kilichofunguliwa.